Kisu ni cha saa mbili, chakula ni cha maisha yote



Leo sileti siasa, ninaleta habari ya tumbo. Sisi tuliosoma lishe hapa Ituri tulifundishwa zaidi juu ya upungufu: utepe wa kupima mkono wa mtoto, kwashiorkor, marasmusi, Plumpy'Nut kwenye kambi za waliokimbia vita. Hiyo ndiyo kazi inayotungoja hapa kwetu, na ni kazi ya kweli. Lakini mimi sikujua kwamba mtu wa kilo 100 anaweza kukaa mbele yangu na njaa ya kumuua mwilini. Nilikuja kujua kwa aibu, na kwa mtu wa jamaa yangu mwenyewe.

Shangazi yangu anauza samaki Mahagi-Port. Muziri, ragoge, sangala wa chumvi, yote inapita mikononi mwake kutoka Ziwa Albert kwenda soko za mlimani na za ng'ambo. Mwaka ule alikuwa na kilo 112 na urefu wa mita 1.60. Mukifanya hesabu ya BMI, yaani kilo gawanya kwa urefu mara urefu, munapata karibu 44. Alikuwa na sukari na tansio, na magoti yalimuuma hata kushuka bandarini ikawa shida. Watu walimsifu, "mama ameshiba, makuta iko". Yeye usiku alikuwa analala akikaa, juu pumzi ilikuwa inakatika.

Akauza mtumbwi mmoja na mashine yake, watoto wakaongeza, akavuka kwenda Uganda, akafika mpaka Nairobi. Huko wakampasua kupunguza tumbo. Kisu kilichukua kama saa mbili. Wiki ya pili alikuwa nyumbani, na vidonda vidogo tu vimekauka, na chupa ya vitamini, na karatasi tatu za Kiingereza. Nyumbani kwetu tumesoma Kifaransa. Karatasi zikawekwa katika mfuko mmoja na karatasi za safari, na hakuna aliyezisoma. Mimi mwenye diploma pia sikuzisoma.

Kabla sijaendelea na hadithi, tuelewane kwanza juu ya kile alichofanyiwa.

Upasuaji huu ni nini

Ziko namna mbili zinazofanyika zaidi. Ya kwanza watu wanaiita slivu: munganga anakata na kutoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula, au zaidi kidogo, na unabaki mrija mwembamba kama ndizi. Ya pili ni baipasi: munganga anatengeneza kifuko kidogo sana juu, cha karibu mililita 30, halafu anakiunganisha na utumbo mwembamba mbele kidogo, ili chakula kipite njia fupi na kuacha nyuma sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Baipasi ilianza Marekani, katika chuo kikuu cha Iowa, mwaka 1966, kwa mikono ya Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito. Kwa hiyo si jambo la juzi.

Si la mbali pia. Nairobi wanafanya. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili kwenye tawi lake la Mloganzila wanaweka hata puto ndani ya tumbo bila kukata, linajazwa maji ili mtu ashibe haraka, na baada ya miezi linatolewa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 mtu mmoja kati ya 8 duniani alikuwa na unene wa kupita kiasi. Basi hii habari itafika Mahagi, itafika Bunia, itafika nyumbani kwenu.

Sisemi upasuaji ni mbaya. Sweden walianza mwaka 1987 kufuatilia maelfu ya watu wanene, wale waliopasuliwa na wale wasiopasuliwa, na waliopasuliwa walikufa kidogo kuliko wenzao kadiri miaka ilivyopita. Kwa mtu mwenye sukari, mara nyingi sukari inashuka hata kabla ya kilo nyingi kutoka. Shida yangu si kisu. Shida ni kufikiri kwamba kisu kimemaliza kazi.

Kosa langu

Wiki ya tatu palikuwa na matanga ya mzee mmoja wa ukoo. Shangazi akaenda. Munajua kwetu: mtu mkubwa akikataa bugali kwenye matanga, wanasema amekudharau. Wakamwambia, "Kula mama, umekonda, watu watasema uko na ugonjwa." Akakata matonge mawili ya bugali ya muhogo. Hakufika nyumbani, akatapika njiani.

Kutoka siku ile akawa anatapika kila siku. Vidonge vikirudi, akaviacha. Akaniita.

"Mutoto yangu, niko natapika kila kitu. Ata maji inarudi."

Nikamtazama. Mashavu yangali yamejaa, mikono mikubwa. Kichwani mwangu utapiamlo ulikuwa na sura moja tu, sura ya mtoto aliyekonda. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Shangazi, usiogope, ni mwili unazoea. Wewe ungali na akiba ya kutosha."

Hayo maneno ningependa kuyarudisha mdomoni. Ni kweli alikuwa na akiba, lakini ilikuwa akiba ya mafuta. Mafuta ni kuni tu. Mwili ukiwa na kuni bila kiberiti, hauwaki.

Wiki ya sita akaanza kutembea kama mtu aliyetoka kunywa waragi. Miguu ikamwaka moto, halafu ikafa ganzi. Akisema na mimi alikuwa anaona mimi wawili. Akasahau jina la mjukuu wake. Mtaani wakaanza: wengine amelogwa, wengine amekunywa, wengine dawa za Nairobi zimemharibu akili. Tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi, kijana mwenye moyo mzuri, akaona mtu aliyekaukiwa maji, akatundika serumu ya sukari. Kila mmoja wetu angefanya vile.

Kabla haijafunguliwa nikampigia telefone mwenzangu wa masomo anayefanya kazi Bunia. Sikumaliza hata kueleza.

"Ngoja! B1 imeingia?"

"Bado."

"Basi serumu ya sukari isitangulie. B1 kwanza!"

Kwa nini B1 kwanza

Ndugu wauguzi, hapa naomba musome polepole. Vitamini B1, yaani thiamini, ndiyo inayosaidia mwili kugeuza sukari kuwa nguvu. Mwili hauwezi kuiweka nyingi. Mtu akikosa kabisa, akiba yake inaisha kwa wiki mbili au tatu tu. Ubongo unakula sukari kila dakika, kwa hiyo ndio unaoumia mapema. Ukimwaga sukari katika damu ya mtu ambaye B1 imekwisha, kile kidogo kilichobaki kinatumiwa chote, na ubongo unaingia gizani zaidi. Macho yanaona vitu viwili viwili, miguu inakosa usawa, akili inachanganyikiwa. Ugonjwa huu unaitwa wa Wernicke, kwa jina la munganga wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1881. Ukichelewa, kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja.

Si lazima dalili zote tatu zionekane pamoja. Mtu aliyepasuliwa tumbo, akitapika siku nyingi mfululizo, ni wa kufikiriwa tayari. Hapo B1 ni ya kupita kwenye mshipa au kwa sindano, si kidonge atakachotapika. Kiasi ataamua munganga, nacho ni kikubwa, si kile cha kila siku. Chumvi na maji, yaani serumu ya chumvi, inaweza kusaidia ukavu wakati munatafuta B1.

Kituoni palikuwa na ampuli za B changamano. Zikaingia kwanza, halafu tukatafuta gari. Barabara ya RN27 kwenda Bunia sote tunaijua usalama wake siku zile, basi tukavuka mpaka kumpeleka lopitali kubwa ya ng'ambo, na huko akaendelea kupewa B1 nyingi. Macho yalirudi sawa katika siku chache. Kutembea kulichukua miezi. Nyayo bado zinamchoma usiku mpaka leo.

Baadaye ndipo nilifungua zile karatasi tatu, na dikisionari pembeni. Karibu yote yaliyompata yalikuwa yameandikwa mle kwamba yazuiwe. Ninayowaandikia chini ni yale, pamoja na niliyojifunza kisha, kwa chakula chetu.

Kabla ya kisu

Lishe inaanza kabla. Mtu mnene mara nyingi tayari amepungukiwa: chuma, vitamini D, B12. Anakula kingi, lakini bugali, mafuta na soda havileti hivyo vyote. Damu ipimwe na upungufu utibiwe kwanza. Karibu wiki mbili kabla ya upasuaji, walio wengi wanapewa chakula cha nguvu kidogo na proteini ya kutosha. Si adhabu. Ini la mtu mnene limejaa mafuta na linafunika tumbo; likipungua, munganga anaona vizuri anapokata. Mwenye kutumia dawa za sukari asianze hiyo diyeti peke yake, kwa sababu sukari inaweza kushuka mpaka kuzimia. Hata baada ya upasuaji, dawa za sukari na tansio zinapaswa kupimwa upya mapema, nyingi zinapunguzwa.

Baada ya kisu: ngazi kwa ngazi

Kila lopitali ina ratiba yake, na ratiba ya aliyekupasua ndiyo ya kufuata. Lakini kwa jumla iko hivi:

1. Siku za kwanza: vitu vya maji maji vinavyopenya mwanga. Maji, supu ya samaki iliyochujwa, chai nyepesi bila sukari. Kunywa kidogo kidogo, kama unaonja.
2. Mpaka wiki ya pili hivi: maji maji mazito kidogo. Maziwa, uji mwepesi wa soja uliochujwa.
3. Wiki ya tatu na ya nne: vya kuponda mpaka vilainike. Samaki bila mfupa, maharagi yaliyotolewa maganda, yai laini.
4. Wiki ya tano na ya sita: vya laini vya kutafuna. Samaki wa kuchemsha, mboga zilizoiva sana.
5. Kutoka wiki ya sita au ya nane: chakula cha kawaida, pole pole, kimoja kimoja.

Sasa munaelewa kosa la matanga. Wiki ya tatu, mrija mwembamba wenye mshono mbichi, na tonge la bugali linaloshika kama gundi. Hata baadaye, bugali, mkate laini na wali ni kati ya vitu vinavyowasumbua wengi. Vinajaza nafasi yote na havileti proteini.

Kanuni za kila siku ni hizi. Proteini ndiyo ya kuliwa kwanza, halafu mboga, halafu bugali ikiwa nafasi imebaki. Tafuna sana, mlo uchukue dakika 20 au 30, na ukisikia umejaa, acha hata kama ni kijiko kimoja. Usinywe pamoja na chakula; ngoja nusu saa. Lakini kati ya milo unywe, ili kufikisha lita moja na nusu kwa siku. Soda na vitu vitamu, hasa kwa aliyefanyiwa baipasi, vinaweza kushuka mbio kwenye utumbo na kuleta jasho, moyo kupiga, tumbo kukata na kuhara. Pombe inapanda haraka kuliko zamani. Na tuache mazoea ya kununua ibuprofeni au diklofenaki kila mgongo ukiuma: kwa mtu wa baipasi zaweza kufungua kidonda tumboni.

Hesabu ya proteini kwa chakula cha Mahagi-Port

Mtu huyu anahitaji angalau gramu 60 za proteini kila siku. Bila hiyo, mwili unakula misuli yake wenyewe. Mizani inashuka, watu wanapiga makofi, kumbe anayeyuka upande usiofaa. Nywele kudondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita kunawapata wengi na mara nyingi zinarudi, lakini proteini na chuma vikikosekana hali inazidi.

Ng'ambo wanauza unga wa proteini kwa dola nyingi. Mimi nilikaa na shangazi tukahesabu kwa vitu vya soko letu, kwa wakati alipokwisha kupona:

- Mayai 2, moja asubuhi moja jioni: gramu 12.
- Samaki wa kuchemsha gramu 100, kwa mara mbili: kama 22.
- Unga wa muziri mkavu gramu 20, ndani ya mboga: kama 12.
- Maziwa kikombe cha robo lita: 8.
- Unga wa soja gramu 20 ndani ya uji: kama 7.

Jumla 61. Hakuna kitu pale kisichopatikana kati ya bandari na soko. Ile muziri tunayoiita chakula cha maskini, ikikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni proteini, na mifupa yake inaleta kalisiamu.

Vidonge si vya mwezi mmoja

Hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Tumbo lililokatwa, au njia iliyofupishwa, halinyonyi tena vitamini na madini kama zamani. Kwa hiyo vidonge ni vya maisha yote: vitamini ya mchanganyiko yenye B1, chuma, kalisiamu na vitamini D, na B12. Mwanamke anayepata siku zake anahitaji chuma cha miligramu 45 mpaka 60 kwa siku. Chuma na kalisiamu zisimezwe pamoja, ziachane saa mbili, na chuma kisimezwe na chai. B12 kwa kwetu ni afadhali sindano: mikrogramu 1000 mara moja kwa mwezi, kituo cha afya kinaweza kuidunga. Damu ipimwe mara kwa mara mwaka wa kwanza, karibu kila miezi mitatu, halafu angalau kila mwaka.

Kwa madada zangu: uzito ukishuka, mimba inaweza kuja haraka hata kwa aliyehangaika miaka. Wanashauri kungoja miezi 12 mpaka 18, juu mtoto asijengwe na mwili ambao wenyewe uko na njaa. Na baada ya baipasi, vidonge vya kuzuia mimba vyaweza kutonyonywa vizuri. Uliza njia nyingine.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuuza mtumbwi

Mtu wa kwenu akisema anaenda kupasuliwa, usimcheke na usimzuie. Kaa naye muulize:

- Makuta ya upasuaji iko. Je, ya vidonge na vipimo vya kila mwaka iko?
- Nani atakufuatilia ukirudi, na namba yake ya simu iko wapi?
- Karatasi ziko katika lugha gani, na nani nyumbani atazisoma kwa sauti?
- Dawa za sukari na tansio, nani atazipunguza?
- Kwenye matanga na harusi, nani atakaa karibu nawe kusema "mama haruhusiwi"?

Swali la mwisho si mchezo. Chakula kwetu ni heshima, na mtu hawezi kukikataa peke yake. Jamaa nzima inapaswa kuelezwa. Siku hizi binti ya shangazi ndiye anayejibu kwa niaba yake, na watu wamezoea.

Nasi tuliosoma, tuache kupima njaa kwa macho. Mukiwa staji, mukiwa kituoni, mukiona mtu mnene anatapika, ulizeni: "Ulishapasuliwa tumbo?" Swali hilo ni bure. Mimi nilikuwa na diploma na sikuliuliza, ingawa jibu nilikuwa nalijua.

Shangazi ana kilo 79 sasa. Sukari imetulia, usiku analala kitandani kama watu. Anakula kwa kijiko cha chai, katika kisahani cha mjukuu, na akishuka bandarini anashika mkono wa mtu kwa sababu ya nyayo. Juzi nikamuuliza kama anajuta. Akasema hajuti kisu. Akasema angetaka tu mtu amusomee ile karatasi.

Kwa yule aliye na karatasi za namna hiyo nyumbani, za Kiingereza au za lugha yoyote, aziweke hapa chini bila jina la mgonjwa. Tutasoma pamoja na kuzigeuza kwa Kiswahili chetu. Mungu awalinde.